Mrehani wa mavyaa, basiliko ya mpishi

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Malindi katika nyumba ya wakwe zangu. Mume wangu yuko Doha kikazi, hurudi mara moja kwa mwaka. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja cha mavyaa wangu ambacho nilikikuta kimesheheni mimea ya harufu: asumini, mlangilangi, mchaichai ukingoni, na katikati mrehani mtupu. Mavyaa hutunga vikuba vya arusi. Ukiuliza mtaani kwetu nani afunge kikuba kikafungika, utaelekezwa mlangoni kwake. Mbegu ya mrehani huo anasema mama yake alitoka nayo Lamu, na yeye hajawahi kununua nyingine.

Mwaka juzi jirani anayefanya kazi hotelini aliniambia kwamba mikahawa ya Kiitaliano huku kwetu haishi kutafuta majani wanayoyaita basiliko. Akaniletea pakiti ya mbegu. Mavyaa mwenyewe ndiye aliyenikatia tuta la kupandia. Zikaota vizuri: majani mapana, ya kijani kinachong'aa, yamebinuka mgongo, shina la kijani, harufu tamu. Nikaanza kupeleka kwa mkahawa mmoja, kisha wa pili. Pesa zenyewe si za kujivunia, lakini ni zangu, na karo ya chekechea imetoka humo.

Pakiti ilipokwisha nilifanya kama nilivyomwona mavyaa akifanya. Niliacha miche kadhaa ichanue, masuke yakakauka, nikayafikicha, nikapepeta, nikasia upya. Safari hii mambo yakageuka. Baadhi ya miche ilitoka kama ya mwanzo. Mingine ilitoka na majani membamba, shina la zambarau, na ukifikicha jani unapata harufu ya shamari, yaani mrehani wa mavyaa ulivyo hasa. Na mingine iko katikati, huwezi kusema ni huu au ni ule.

Fungu la kwanza la mavuno hayo lilirudishwa. Mpishi alinipigia simu kwa upole tu: hii si basiliko. Akalalamika pia kwamba majani mengine yamepiga weusi, ingawa huwa nayalaza kwenye friji usiku kucha yasinyauke. Kisha ofisi yao ikanitumia fomu ya wauzaji. Wanataka jina la kienyeji, jina la kitaalamu, chanzo cha mbegu, na sahihi yangu. Nikiijaza ikakubalika, watachukua kila wiki.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia moto. Shemeji yangu anauza pembejeo mjini, kwa hiyo nilimwita aje atazame. Akazunguka kiwanja kizima, akasema: ule mrefu wa ukutani ni kivumbasi, hauna kazi ila kufukuza mbu; ule wa mama ni wa kienyeji, si mrehani wa kweli; na yote miwili inakuharibia basiliko yako. Ng'oa, ubaki na mmoja. Mavyaa alikuwa jikoni na dirisha liko wazi. Hakusema kitu hadi baada ya magharibi, akaniambia neno moja tu: "Mrehani ni mrehani. Huo wa pakiti ndio mgeni." Tangu siku hiyo hanisemeshi ila la lazima.

Mume wangu alinitumia ujumbe wa sauti: usimuudhi mama, wewe nakili hilo jina kwenye intaneti uandike, nani atajua? Wifi yangu ananishauri nikakodi shamba mbali. Nami nimekesha na simu nikisoma majina: Ocimum basilicum, Ocimum gratissimum, Ocimum americanum, Ocimum tenuiflorum, Ocimum sanctum. Picha zote zinafanana na kila mtu anadai lake.

Sitaki kutia sahihi jambo nisilolijua, na sitaki kumvunjia heshima mama aliyenipa ardhi ya kupandia. Niandike nini? Nimng'olee mrehani wake? Na nitarudi vipi kwake?

Mkamwana, Malindi

—

Mwanangu, waaleikum salaam.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ambapo mavyaa wako amesema uongo. Sikupaona. Nikatafuta mpishi alipokosea, sikupaona vilevile. Aliyenitia wasiwasi ni shemeji yako, na hata yeye ana sehemu ya haki. Kwa hiyo unachoniuliza nakielewa hivi: umepewa karatasi inayotaka jina moja, kuna watu watatu wenye majina yao, na unahisi kwamba ukiandika la mmoja umemkana mwingine. Tuanze na hisia hiyo, maana sidhani kama majani yenyewe yanakulazimisha uchague.

Jina la kitaalamu lina sehemu mbili. Ocimum ni jenasi, yaani ukoo mzima wa mirehani, vivumbasi na jamaa zao. Neno la pili linataja spishi. Mrehani unaoliwa zaidi duniani ni Ocimum basilicum, jina alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Lakini ndani ya spishi hiyo moja kuna aina tele zilizotengenezwa na wakulima kwa karne nyingi: zenye majani mapana na membamba, mashina ya kijani na ya zambarau, harufu ya karafuu, ya limau, ya shamari. Pakiti uliyoletewa, kwa unavyoieleza, ni aina wanayoiita Genovese, ya mji wa Genova, inayotwangwa pamoja na kitunguu saumu, jibini na njugu za msonobari kufanya pesto. Na mrehani wa mavyaa, mwenye shina la zambarau na harufu ya shamari, maelezo yake yanaingia barabara ndani ya Ocimum basilicum hiyohiyo.

Unaona inakotupeleka? Huenda mavyaa anasema kweli kwamba mrehani ni mrehani, na mpishi anasema kweli kwamba hii si basiliko yake. Jina la Kilatini halimwamulii yeyote kati yao. Ungeweza kuandika Ocimum basilicum juu ya fungu la mavyaa, ikawa sahihi mbele ya mtaalamu yeyote wa mimea, na bado mpishi akakurudishia. Anachotaka yeye ni aina, na fomu yake haikuuliza aina.

Wala si kwamba mpishi anadeka. Malindi imezoeana na Waitaliano tangu miaka ya 1960, enzi za kituo cha roketi cha San Marco kule Ngomeni, na wengi wao wamekuja na ndimi zao. Kwao basiliko ya Genova ni jambo la sheria: tangu 2005 jina hilo limelindwa katika Umoja wa Ulaya kwa zao linalolimwa Liguria, na mojawapo ya masharti ni kwamba jani lisiwe na harufu ya nanaa hata chembe. (Kwa hiyo wewe andika "aina ya Genovese" na uishie hapo. Usije ukanakili zile herufi za DOP, alama ya ulinzi huo, kutoka kwenye chupa ya dukani.) Harufu ya jani hilo hutokana zaidi na linaloli, kiungo cha mafuta yake kilicho kitamu na laini. Harufu ya shamari kwenye mrehani wa mavyaa kwa kawaida hutoka kwenye kiungo kingine, estragoli. Katika kikuba inapendeza. Katika pesto humfanya mlaji aache uma.

Sasa shemeji. Amesema mambo mawili: kwamba mmea wa mama si mrehani wa kweli, na kwamba unakuharibia mbegu. Yaweke pamoja uone yanavyogombana. Mimea huchavushana vizuri ikiwa jamaa wa karibu. Ukiona miche ya katikati, nusu hii na nusu ile, basi nyuki walibeba chavua kutoka ua la mavyaa hadi ua lako na mbegu zikashika, na hiyo ni dalili kubwa kwamba mimea hiyo miwili ni ndugu. Kama mrehani wake ungekuwa kitu cha mbali, usingekusumbua sana. Kadiri unavyokuharibia mbegu ndivyo unavyozidi kuthibitisha kwamba ni mrehani. Ningependa shemeji alisikie hilo, lakini pengine si kutoka kwako.

Hata hivyo usiniamini kupita kiasi, kwa sababu sijauona. Ile miche iliyotoka kama ya mavyaa hasa yaweza kuwa si chotara hata kidogo. Mrehani hudondosha mbegu wenyewe, na kiwanja kilichoulea miaka yote hiyo kina mbegu zake kila pembe. Miche ya katikati ndiyo yenye ushahidi. Kuna pia Ocimum americanum, ambao, licha ya jina lake, ni mzaliwa wa Afrika na Asia. Nao ukizaa na mrehani hutoa chotara mwenye harufu ya limau anayeitwa Ocimum × africanum. Ukikuta mche wenye harufu hiyo, kumbuka jina hili.

Kivumbasi cha ukutani kina kesi nyingine. Watu wetu huita hivyo spishi zaidi ya moja, kwa hiyo jina la kienyeji peke yake halitoshi. Kitazame kwa karibu. Ukiwa na kichaka kinachokupita kimo, shina la chini limekuwa mti, majani makubwa yenye menomeno ukingoni na vinyweleo unavyovihisi kwa kidole, basi inaelekea ni Ocimum gratissimum. Vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki viliuita Ocimum suave, ndiyo maana simu yako inakuchanganya. Hata sanctum na tenuiflorum ulizoziona ni mmea mmoja, mtulsi wa Wahindi, ambao Linnaeus aliupa jina mara mbili, 1753 na 1767, na la kwanza ndilo lililobaki. Gratissimum nyingi hunukia karafuu, kwa sababu mafuta yake yana eujenoli, kiungo kilekile kinachoipa harufu karafuu ya Pemba na Unguja. Kikinukia kafuri kama vidonge vya nondo sandukuni, basi fikiria Ocimum kilimandscharicum, ambao wakulima wa kando ya msitu wa Kakamega huulima na kuukamua mafuta ya dawa ya kuchua.

Kuna jaribio la jikoni linalosaidia. Chukua kisahani cheupe, nyunyiza mbegu chache za mrehani upande mmoja na za kivumbasi upande wa pili, tia maji kijiko kimoja kimoja, kisha ngojea. Mbegu za mrehani ni nyeusi, na ndani ya dakika chache kila moja hujivika ute mweupe wa kijivu, kitone cheusi kikabaki katikati. Hizo ndizo tukmaria za faluda, na mavyaa bila shaka anazijua. Mbegu za gratissimum ni za kahawia, zimekaribia kuwa duara, nazo hulowa tu zikabaki zilivyo au zikatoa ute kidogo. Jaribio hili lina mpaka wake: americanum nayo huvimba, kwa hiyo ute hauthibitishi mrehani, ila kukosekana kwake kunakuelekeza kwenye kivumbasi kikubwa.

Na lile neno la shemeji kwamba kivumbasi hakina kazi ila mbu, mwambie Nigeria hawajui habari hiyo. Wayoruba hukiita efinrin, Waigbo nchanwu, na hukitia katika mchuzi wa pilipili. Wathai nao sokoni huuza mirehani mitatu mbalimbali: horapha, ambao ni basilicum yenye harufu ya shamari, kaphrao, ambao ni tenuiflorum, na maenglak, ambao ni ule chotara wa limau. Hakuna muuzaji anayeambiwa wake si wa kweli. Anaulizwa tu unapika nini.

Nije kwenye kung'oa. Ulichoandika kinanionyesha kwamba umelikubali bila kulihoji wazo kwamba mmea wa jirani unaharibu majani yako. Hauharibu. Uchavushaji hugusa mbegu, na mbegu ni kizazi kijacho. Jani ulilochuma leo kwenye mche wa pakiti lina harufu ileile, uwe umezungukwa na mrehani wa mavyaa au na ukuta mtupu. Tena wewe unauza majani, na kwa majani inafaa ukate vichwa kabla ya suke kutoka, maana ukishachanua majani hupungua ukubwa na huanza uchungu. Mche usiochanua hauna biashara na nyuki. Tatizo lako lilianza pale ulipoweka mbegu, na linahusu mbegu peke yake.

Kwa hiyo njia zipo, na kila moja ina bei yake. Rahisi kuliko zote ni kununua mbegu mpya kila msimu kwa ajili ya tuta la mpishi, ukaacha kuweka za kwako. Utatoa pesa, na kuna hatari ambayo wauzaji huipita kimyakimya: mbegu zinaweza kuja na ukungu wa mrehani, Peronospora belbahrii, ugonjwa ambao uliripotiwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1933 na siku hizi umeenea ulimwenguni. Jani huanza kuwa njano kati ya mishipa, ukadhani linadai mbolea. Ligeuze utazame chini, ukiona vumbi la kijivu lenye zambarau, ng'oa mche huo siku hiyohiyo. Genovese hushikwa upesi kuliko nyingi. Mpe hewa, usimwagie maji juu ya majani jioni.

Njia ya pili ndiyo ningeijaribu mwanzo kama kiwanja kingekuwa changu, nayo ni vipandikizi. Kata ncha ya mche unaoupenda chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, usimamishe katika glasi ya maji mahali penye mwanga bila jua kali, ubadilishe maji kila mara. Mizizi hutoka upesi, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, na mche utakaopata ni uleule mama yake, nyuki hawakuingia kati. Kasoro yake ni kwamba kama mama alikuwa mgonjwa, watoto wote ni wagonjwa.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe, kata kipande cha chandarua kikuukuu, vika masuke ya miche michache kabla ua la kwanza halijafunguka, funga chini kwa uzi na uwe unayatikisa kidogo asubuhi. Mrehani unaweza kujichavusha wenyewe. Utapata mbegu chache kuliko za nje, lakini za kuaminika zaidi.

Shamba la mbali analolisema wifi yako lingefanya kazi hiyohiyo kwa kodi, nauli na maji ya kubeba. Sikukatazi. Nakuomba tu ujiulize kama unalikimbilia kwa ajili ya nyuki au kwa ajili ya mavyaa. Kama ni kwa ajili ya nyuki, chandarua ni rahisi zaidi.

Sasa fomu. Ushauri wa mume wako nauelewa. Mtu aliye mbali hutaka amani ipatikane kwa njia fupi. Lakini angalia mahali ushauri huo unapokwama. Jina la Ocimum basilicum huenda likawa kweli kwa mafungu yote mawili. Patakapokuwa na uongo ni katika mstari unaofuata, chanzo cha mbegu, ukiandika pakiti juu ya majani yaliyotoka kwenye mbegu ulizofikicha nyumbani. Na huo ndio mstari ambao mpishi anaweza kuupima kwa pua yake.

Ningekuwa wewe ningeomba karatasi iruhusu mistari zaidi ya mmoja. Wa kwanza: mrehani, Ocimum basilicum, aina ya Genovese kwa mujibu wa pakiti, mbegu ya kununua. Wa pili, ukipenda: mrehani wa kienyeji, mbegu ya nyumbani yenye asili ya Lamu, na kwenye jina la kitaalamu uandike Ocimum sp. Kifupi hicho wataalamu wenyewe hukitumia kila siku. Maana yake ni kwamba jenasi naijua, spishi bado sijaithibitisha. Si aibu na si ujanja. Ukitaka uhakika, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki ambako wataalamu hutambua vielelezo. Kata tawi lenye maua na matunda, lilaze kati ya magazeti chini ya kitu kizito, badilisha magazeti mpaka likauke, na uandike ulipolitoa, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya ua na harufu. Harufu usiisahau, kwa sababu hupungua njiani na rangi hufifia. Hatari ya kuwa mkweli kiasi hiki ni kwamba ofisi yaweza kuona mistari mingi ikamwendea muuzaji mwingine. Hilo siwezi kukuahidi halitatokea.

Kuhusu weusi, punguza hofu: friji ndiyo inayokuumiza. Mrehani ni mmea wa joto, na baridi ya friji ya nyumbani huunguza majani yake. Chuma asubuhi, simamisha vikonyo kwenye maji, weka kivulini jikoni, peleka siku hiyo.

Nimemwacha mavyaa mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Unaandika ukiamini kwamba amekasirishwa na basiliko, au na jina. Mimi namwona mama aliyesimama jikoni kwake akamsikia mwanawe akisema mrehani wa mama yake si wa kweli, na akasikia mipango ya kung'oa ndani ya kiwanja chake bila yeye kuulizwa. Hukuniandikia ulimjibu nini shemeji wakati ule. Huenda ulinyamaza kwa heshima, na yeye aliye dirishani hakuweza kujua kama kimya hicho kilikuwa heshima au ridhaa. Sikulaumu. Nakutajia tu upande ambao barua yako haikuufikia. Lakini pia usijitwike lisilo lako: maneno yalitoka kinywani mwa shemeji, na kuna sehemu ya msamaha ambayo ni yeye tu awezaye kuileta.

Unaweza kumwendea mavyaa kwa msamaha, na unaweza kumwendea kwa swali. Ana pua iliyochambua mirehani miaka mingi kuliko yeyote kati yetu, shemeji na mimi pamoja. Mpelekee ile miche ya tuta la pili, umwambie akutengee kwa harufu: huu wa kwako, huu wa pakiti, huu sijui. Kazi hiyo kweli unaihitaji, maana bila yeye utakuwa unakisia. Anaweza kukataa. Anaweza kukuambia ung'oe ya pakiti. Uwe umeshafikiri utajibu nini, kwa sababu kiwanja ni chake.

Ukiona mazungumzo yamefunguka, kuna jambo moja la kumuuliza kabla hujalipeleka kwa mtu mwingine. Mpishi wa Kithai au wa vyakula vya Asia, hoteli za pwani zikiwa naye, hutafuta hasa jani lenye shina la zambarau na harufu ya shamari. Sisemi mrehani wa mavyaa ndio horapha. Nasema unafaa kuonjeshwa. Ila kwake yeye huenda mmea huo ni wa vikuba tu, na msimu wa arusi hautoshi hata huo. Asipotaka kuuza, mstari wa pili wa fomu yako unafutika. Akitaka, itabidi mkubaliane mapema pesa ni za nani na jina la nani liandikwe.

Wala fomu haihitaji kurudi kesho. Ofisi iliyotaka chanzo cha mbegu huenda ikakusubiri ukisema unakitafuta. Kaa na haya, uamue wewe na watu wa nyumba yako. Na kama mavyaa atakubali kuchambua ile miche, niandikie tena uniambie ya katikati aliiweka upande gani.

Mshauri